Mbwa Mubaya: Nani Alimufanya Mubaya?

Pita jioni katika mitaa ya Sange, wakati watu wanarudi kutoka mashamba ya mpunga. Utasikia watoto: "Ule mbwa ni mubaya! Tumupige mawe!" Mbwa anakimbia. Siku nyingine anauma, na watu wanasema: "Si tulisema?" Leo tujiulize pamoja: ubaya ule ulianzia wapi? Kwa mbwa, ao kwa mawe?

Huko Ulaya na Marekani, mbwa anayeogopwa kuliko wengine anaitwa pit bull. Vijana wanamuona kwenye simu, shingo nene na munyororo. Neno "pit" maana yake ni shimo. Si shimo la kuchimba dhahabu kama letu. Ni shimo ambamo watu waliingiza mbwa wapigane, wao wakicheza kamari. Uingereza ilikataza mchezo huo kwa sheria ya mwaka 1835, lakini wengine waliuendeleza kwa siri.

Ninyi familia za machimboni, sikilizeni hili. Ndugu wa karibu wa mbwa huyo, anayeitwa kwa jina la jimbo la Staffordshire, alifugwa na wachimba makaa ya mawe wa huko. Alilala katika nyumba zao ndogo, pamoja na watoto. Mwaka 1935 alitambuliwa rasmi. Ukoo ni mmoja, malezi ni mbalimbali.

Mwaka 2007, katika jimbo la Virginia, Marekani, polisi walikamata pit bull karibu 50 waliofugwa kwa kupiganishwa. Wengi walifikiri watauawa wote. Lakini walichunguzwa mmoja mmoja, na wengi wao waliokolewa. Kuna waliopata familia, na wengine walifundishwa hata kutembelea wagonjwa. Hatusemi pit bull ni mwana-kondoo. Ana nguvu, na akiuma anaumiza sana. Tunasema kama wazee: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Sisi pia mbwa wetu ana jina baya. Mbwa mdogo wa Congo, mwenye masikio ya kusimama na mkia wa kujikunja, asiyebweka kama wengine, Wazungu wanamuita basenji. Jina hilo linatokana na neno "washenzi". Lakini mwaka 1937 alipoonyeshwa London, watu walisongamana kumuona. Yule tunayemupiga mawe, wengine walimuita wa thamani!

Na Biblia? Mara nyingi inataja mbwa kwa dharau. Lakini katika kitabu cha Tobiti, kijana Tobia alipofunga safari na malaika, mbwa alifuatana nao.

Basi wazazi, tufanye nini nyumbani?

Kwanza, tusimufunge mbwa kamba fupi mchana kutwa, bila maji, tukifikiri atakuwa mlinzi mzuri. Mbwa wa namna hiyo hajui mgeni wala mtoto. Anajua hasira tu.

Pili, tuwafundishe watoto: musimusumbue mbwa anapokula, anapolala, ao akiwa na watoto wake. Mbwa musiyemujua akiwakaribia, musikimbie; simameni kimya kama mti, bila kumutazama machoni.

Tatu, tusichanganye ukali na ugonjwa. Hatari kubwa kwetu ni kichaa cha mbwa. Mbwa mpole anaweza kubadilika ghafula, akatokwa na mate na kuuma ovyo. Huyo si mubaya, ni mgonjwa. Ulizeni daktari wa mifugo juu ya chanjo, na irudiwe kwa wakati anaowaambia.

Mtu akiumwa, osheni kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima. Musipake pilipili wala majani. Kimbieni hospitali siku ileile, hata kidonda kikiwa kidogo, mukaombe chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Lakini chanjo ikitolewa mapema, inaokoa.

Kijana, kesho ukiokota jiwe, angalia kwanza mbwa anafanya nini. Kama amelala tu kando ya njia, rudisha jiwe chini. Labda leo ndipo unamufundisha kuuma, na atakayeumwa kesho ni mdogo wako.