Chopa: Mbele straika, nyuma hakuna kipa

UKITAJA chopa kwa watu wa Handeni na Korogwe, wengi watatazama juu. Wanaijua ile ya kampeni, inayotua katikati ya uwanja wa mpira, inatimua vumbi na mechi inasimama. Lakini ipo chopa nyingine, haina injini wala rubani. Ni baiskeli. Usukani umepanda juu kama pembe za ng'ombe, kiti kirefu chenye egemeo, gurudumu dogo mbele na kubwa nyuma, na mwenyewe kajiegemeza kama bosi anayesubiri chai.

Mtindo huo ulianzia mtaani, kiwanda kikaufuata. Mwaka 1963, kampuni ya Schwinn ya Chicago, Marekani, ilitoa baiskeli ya Sting-Ray baada ya mtu wao, Al Fritz, kusikia kwamba vijana wa California wanafunga usukani mrefu na kiti kirefu kwenye baiskeli ndogo. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960, Raleigh wa Nottingham, Uingereza, wakajibu na Chopper yao: tairi la nyuma inchi 20, la mbele inchi 16, na mkono wa gia umekaa juu ya bomba la fremu kama wa gari.

Kama ni suala la mtaa, basi Handeni na Korogwe malighafi ipo. Kwenye njia za mashamba ya mkonge ya Ngombezi na Mnyuzi, na vijiji vya mahindi vya Handeni, baiskeli imebeba maji, magunia na abiria miaka nenda rudi. Phoenix za Kichina, Avon za Kihindi, hata Swala za hapa hapa Bongo. Fundi wa kuchomelea naye hakosekani. Kinachobaki ni wazo.

Chukulia kijana wa Chanika, pale Handeni mjini, aliyeachiwa Phoenix na babu yake. Anataka chopa. Hela yake ni ya mawazo, anaidunduliza. Atakachofanya kwanza kinajulikana: ananunua rangi. Kama ni Simba, nyekundu na nyeupe. Kama ni Yanga, kijani na njano. Halafu vioo viwili, redio na bendera. Kijiwe kizima kinashangilia.

Hapo ndipo mechi inapoanza kupotea.

Straika anayebeba timu

Uzuri wa chopa uko mbele, kwenye foku. Ili irefuke, fundi hukata miguu yake miwili kwa msumeno, anaongeza vipande vya bomba na kuchomelea. Kwa macho inapendeza. Lakini foku ndiyo inayopokea kila shimo, na mpanda baiskeli akikamata breki ya mbele, uzito unahamia huko huko. Bomba lililounganishwa ncha kwa ncha, likashikwa na moto wa nje peke yake, ni sawa na beki wa kukodi: siku ya mvua anakukimbia.

Fundi anayejua kazi hutia kwanza kipande cha chuma ndani, kinachobana pande zote mbili za kiungo, ndipo anachomelea. Kisha anapima miguu yote miwili. Mmoja ukizidi hata kidogo, gurudumu linalala upande na baiskeli inavuta kushoto au kulia siku zote.

Tena foku ikilazwa sana mbele, usukani unakuwa mzito. Ukienda polepole unajipindia wenyewe. Asiyeizoea ataanguka mbele ya shemeji zake.

Kipa aliyesahauliwa

Kosa kubwa lakini liko kwenye breki. Phoenix ya zamani haitumii waya. Breki zake ni fimbo za chuma zinazotoka kwenye usukani hadi kwenye gurudumu. Ukipandisha usukani, fimbo hazifiki tena. Wengi hapo huzing'oa na kuzitupa, wanabaki na breki ya ndala: mguu juu ya tairi, na dua.

Mwingine anasema atafunga breki za waya. Sawa, ila rimu ya Phoenix imejikunja pembeni. Vipira vya breki za fimbo huigusa kwa ndani, upande wa spoki. Breki za waya zinataka rimu yenye ubavu bapa wa kubana. Kwa hiyo dawa ni kutafuta magurudumu na breki za baiskeli ya gia iliyochakaa, kununua waya mrefu unaofika kwenye usukani mpya, na kuhakikisha vipira vinatua kwenye rimu, siyo kwenye tairi.

Hiyo ni gharama, ndiyo. Lakini barabara ya Handeni kwenda Korogwe ina vilima, na kutoka Korogwe kwenda Segera ni njia kuu ya mabasi ya Arusha na malori. Huko hakuna refa wa kupuliza filimbi ukizidiwa na mteremko.

Hata kiwanda kilirudi mazoezini. Chopper ya kwanza ya Raleigh ilikuwa na tabia ya kuinuka mbele, kwa sababu kiti kilikaa nyuma mno. Toleo la pili la mwaka 1972 kiti kikasogezwa mbele. Kama wenye wahandisi walijisahihisha, fundi wa Manundu hana aibu yoyote ya kufungua na kufunga upya.

Mahindi je?

Limebaki swali la mama mwenye nyumba: "Mwanangu, mahindi utayabeba kwenye nini?" Ni swali la haki. Baiskeli ya babu ndiyo inayopeleka gunia mashineni. Kijana mwenye akili ataiacha keria ya nyuma ibaki, kiti kirefu kikae mbele yake. Chopa haitapungukiwa kitu, na nyumbani watakula.

Shabiki wa Tanga haya anayaelewa haraka. Coastal Union walikuwa mabingwa wa nchi mwaka 1988. Msimu wa 2015/16 wakashuka Ligi Kuu kwa mkupuo mmoja na African Sports na Mgambo JKT. Jina kubwa na jezi safi havikulindi golini.

Basi usajili uende hivi: breki kwanza, foku ya pili, magurudumu ya tatu. Chopa ijaribiwe uwanjani jioni, mahali tambarare, kabla haijaona lami. Ikisimama pale mwenyewe anapotaka isimame, hapo ndipo aende dukani kununua rangi. Simba au Yanga, hilo ataamua yeye na kijiwe chake.