Kabla hujafunga turbo kwenye Land Cruiser yako

Dereva yeyote wa utalii anayetoka Arusha anaujua mlima wa kutoka geti la Lodoare kwenda ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Gari limejaa wageni na mizigo, gia ni ya pili, moshi mweusi umetanda nyuma na mwendo ni wa kukokota. Mara nyingi injini haina kosa. Ukingoni, kwenye mita kama 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa imepungua karibu robo ukilinganisha na ya Tanga. Dizeli isiyopata hewa ya kutosha haiungui ikaisha, nayo ndiyo inayotoka kama moshi. Hapo ndipo mwenye gari anapoanza kuulizia bei ya turbo.

Hoja yake ni ya kweli, kwa sababu turbo inarudisha hewa ambayo mlima umeinyima injini. Ila injini iliyomo ndani ya magari mengi ya aina hii ni 1HZ, ile ya Toyota ya silinda sita na lita 4.2, ambayo haikuundwa kwa turbo. Ndugu yake, 1HD-T, ndiye aliyetoka kiwandani nayo. Kwa kuwa injini hizi mbili zinafanana kwa nje, watu hudhani ni kitu kimoja. Sivyo. 1HZ inaishindilia hewa mara 22.4, wakati 1HD-T inaishindilia mara 18.6 tu. Tena kwenye 1HZ dizeli huanza kuwaka ndani ya kijichumba kilichomo kwenye silinda hedi, kisha moto huchomoka kupitia tundu jembamba na kuipiga pistoni mahali pamoja. Ukizidisha hewa na mafuta bila kipimo, mahali hapo ndipo panapoungua.

Niliwahi kuonyeshwa pistoni ya namna hiyo katika gereji moja mjini Arusha. Ukingo wake wa juu ulikuwa umeliwa kama mshumaa, na ufa umeshuka mpaka kwenye ringi. Turbo yenyewe ilikuwa nzima kabisa.

Siku hiyohiyo uani palikuwa na gari jingine lililoletwa kufungwa turbo. Fundi aliliwasha, akaacha injini ipate moto, akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza na kukilaza juu ya tundu lake bila kukifunga. Kikaanza kurukaruka, na moshi mwepesi wa bluu ukatoka kwa mapigo kama pumzi ya mtu aliyekimbia.

"Kaka, ringi zimechoka hizi," alimwambia dereva. "Presha ya silinda inashuka chini kwenye oili. Nikikuongezea turbo itashuka zaidi."

"Lakini fundi, mbona haili oili?"

Fundi akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha na kukichomoa tena. Oili ilikuwa chini ya alama ya mwisho. Dereva hakubisha tena.

Kazi ya maandalizi inaanzia hapo: kupima kompresheni ya silinda zote sita, na zikipishana sana, kushusha injini kabla ya kununua chochote. Nozeli zipimwe. Rejeta izibuliwe au ibadilishwe. Taimingi belti ikikaribia kilomita 100,000, itoke. Pampu ya dizeli ipelekwe kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Kuikaza skrubu kwa kusikiliza mlio ndiko kunakoua injini hizi. Bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo lishuke moja kwa moja bila kupinda juu, maana oili hiyo inarudi kwa uzito wake tu, na mhimili inaoulainisha unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Ningeambiwa nichague kifaa kimoja cha kununua kabla ya turbo, ningechagua geji ya joto la moshi, na kihisio chake kikae kwenye manifoldi, moshi ukiwa haujaingia kwenye turbo. Geji ya maji haitoshi, kwa sababu maji huchelewa kupata habari. Pistoni ni ya aluminiamu, na aluminiamu tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Huokolewa na oili na ringi zinazoondoa joto lake, lakini dereva anayepanda mlima mrefu huku sindano imekaa juu ya 700 anaichoma injini yake mwenyewe. Sindano ikifika huko, mguu upungue.

Na usidai presha kubwa. Paundi 7 kwa inchi ya mraba zinatosha kabisa: pale ukingoni injini inapungukiwa na paundi kama 3 na nusu tu za hewa ya pwani, kwa hiyo 7 zinafidia pengo na kubakiza ziada.

Kama gharama ya turbo pamoja na kazi zote hizi inakushinda, anza na injini, turbo isubiri. 1HZ yenye kompresheni nzuri na nozeli safi itakufikisha juu bila turbo, kwa gia ya pili.