Unampeleka mtoto pwani likizo hii? Funga na chandarua

Likizo ya Juni inakaribia, na huenda umepanga kutoka Singida kwenda Bagamoyo au Lindi watoto wakaione bahari. Ni jambo jema. Lakini kabla hujanunua nguo za kuogelea, fikiria mbu.

Singida ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini. Mikoa ya Pwani, Lindi na Mtwara ina maambukizi zaidi. Mwili wa mtoto aliyekulia Singida haujazoea vimelea vya malaria, hivyo akiambukizwa anaweza kuzidiwa haraka.

Beba chandarua chenye dawa, kwani huenda mtakakofikia havitoshi. Jioni mvalishe nguo za mikono mirefu. Kama yupo mjamzito au mtoto mwenye selimundu, muone daktari mapema akushauri kuhusu kinga.

Ufukweni, mtoto asiingie majini bila mtu mzima aliye karibu kiasi cha kumshika mkono. Bahari hujaa na kupwa: maji yaliyomfika magotini asubuhi yanaweza kumfika kifuani mchana.

Mkirudi nyumbani, msijisahau. Dalili za malaria huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wakati mwingine wiki kadhaa. Mtoto akipata homa, usimpe dawa ya kutuliza maumivu ukasubiri. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, mwambie mhudumu, “Tulikuwa pwani,” kisha uombe kipimo cha malaria. Maneno hayo mawili yanaweza kuokoa maisha yake.