Kengele Ikilia, Nani Husikia?

Mtu atokaye kisiwani Mombasa, akishavuka daraja la Nyali na kufika njia panda ya Kengeleni, huiona kengele kuukuu iliyotundikwa katika mnara wake mdogo. Wengi wetu huipita tukiwa ndani ya matatu bila hata kuigeuzia shingo. Kengele hiyo ni ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamishenari wa CMS katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Ililizwa kuwaonya wakazi kila walipoonekana watekaji wakija kuwarudisha utumwani. Lakini kengele, ndugu msomaji, haimwokoi mtu. Aokokaye ni yule aliyeisikia akainuka.

Nimeikumbuka kengele hiyo kwa sababu ya jambo lililonifika katika shule ninayofundisha huku Nyali. Asubuhi moja ya mwaka 2022, seva yetu, ile tarakilishi kubwa ihifadhiyo kazi za wanafunzi wote, ilikataa kuwaka. Kidhibiti cha diski zake kilikuwa kimezikana diski mbili kwa mpigo. Nakala ya akiba tuliyokuwa nayo ilikuwa ya majuma matatu nyuma. Miongoni mwa vilivyopotea ni mradi wa mtihani wa KCSE wa msichana mmoja wa Kidato cha Nne, aliyekuwa akitunga programu ya kuweka hesabu za kibanda cha mamake katika soko la Kongowea. Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwalimu, kwani hakuna aliyeonywa?"

Sikuwa na jibu. Nilipochunguza, nilifedheheka. Mtengenezaji wa kifaa alikuwa ameitambua kasoro hiyo, akatoa programu ya kuiondoa, na kutuma onyo miezi minane kabla. Onyo lilifika katika anwani ya mwenzetu aliyekwisha kuhamishiwa Kwale miaka miwili nyuma. Kengele ililia katika nyumba isiyo na mtu.

Hebu tufafanue. Ndani ya kila seva mna programu za aina mbili ambazo mtumiaji hazioni. Ya kwanza ni programu dhibiti, iliyoandikwa ndani ya kifaa chenyewe, kiwe diski au kadi ya mtandao. Ya pili ni draiva, ikaayo upande wa mfumo endeshi na kuwa mkalimani baina ya mfumo huo na kifaa. Mmoja akibadili lugha na mwenziwe asiarifiwe, mazungumzo huvurugika. Ndiyo maana watengenezaji huzitoa upya mara kwa mara, na huandika ni ipi itangulie na ipi ifuate.

Yuko mwenzangu mmoja chumba cha walimu asemaye, "Mashine yafanya kazi, waichokonolea nini?" Namheshimu, lakini hoja yake haisimami. Jahazi nalo huelea vizuri, na bado nahodha hulipandisha pwani, akalikalafati na kulipaka deheni kabla maji hayajajaa ngamani. Mnamo Novemba 2019 kampuni ya HPE iliwatangazia wateja wake kwamba diski za aina fulani zingekufa zikitimiza saa 32,768 za kufanya kazi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, zisipopewa programu dhibiti mpya. Mwanafunzi wa hisabati atatambua kuwa idadi hiyo ni 2 kwa kipeo cha 15. Diski zilizowashwa siku moja zingezimika karibu pamoja, na yaliyomo yasipatikane tena. Hadi dakika ya mwisho diski hizo "zingefanya kazi" barabara!

Aidha, kuna hatari ya wavamizi. Mnamo Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa katika mfumo wa Windows. Takriban miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei, kirusi cha WannaCry kiliupitia ufa huohuo katika mashine ambazo hazikuzibwa, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Asizibaye ufa hujenga ukuta. Wala tusidhani kwamba haya ni ya ng'ambo tu. Hapa hapa Nyali ndipo kebo ya LION2 ilipofikishwa nchi kavu na kuanza kutumika mwaka 2012. Njia iletayo masomo ndiyo njia iletayo mwizi.

Je, basi tukimbilie kila kipya kinachotolewa? La hasha! Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilisambaza faili mpya ya programu yake ya ulinzi saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa za kwetu. Faili hiyo ilikuwa na kasoro. Kampuni iliiondoa baada ya dakika 78, lakini tayari tarakilishi zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimeanguka, na safari za ndege zikafutwa duniani kote. Wahenga walituachia methali mbili zinazoonekana kupingana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Hekima ni kujua wakati wa kila moja.

Kwa maoni yangu, wakati huo haujulikani kwa kubahatisha, bali kwa utaratibu. Kwanza, maonyo ya watengenezaji yafike katika anwani ya ofisi, si ya mtu, na awepo mwalimu aliyekabidhiwa kazi hiyo kwa jina. Pili, liwepo daftari lenye orodha ya vifaa, toleo la programu la kila kimoja, na tarehe kiliposasishwa. Tatu, nakala ya akiba ifanywe kabla ya kugusa lolote, na ijaribiwe kama kweli inafunguka. Nne, kazi ifanywe wakati wa likizo, mashine ikiwa imeunganishwa na betri ya akiba, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kuandika programu dhibiti, kifaa chaweza kufa papo hapo. Tano, ijaribiwe mashine moja isiyo muhimu kabla ya zile zitegemewazo. Ziba la usalama halingojewi muda mrefu. Pambo laweza kungoja.

Haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mtu, daftari na kalamu. Wala wanafunzi wasiachwe nje, kwani nyufa hizi ndizo watakazorithi kazini. Katika shule yetu daftari hilo sasa lipo, na ukurasa wake wa kwanza uliandikwa na yule msichana, baada ya kuurudia mradi wake usiku baada ya usiku hadi akaukamilisha.

Ewe mwalimu mkuu usomaye makala haya, uliza shuleni mwako juma hili: onyo likitumwa leo, litamfikia nani? Ukikosa jibu, ujue kengele yako nayo inalia katika nyumba isiyo na mtu.