Hewa Isiyoonekana Ndani ya Duara

Wachimbaji wa dhahabu wa Saza na Mkwajuni, wilayani Songwe, wanazijua hatari za duara: ukuta kuporomoka, kamba kukatika, maji kujaa. Leo tuzungumze juu ya hatari nyingine. Haionekani wala haina harufu. Inaitwa radoni.

Radoni ni hewa itokayo kwenye mawe. Karibu kila jiwe lina urani kidogo sana ndani yake. Urani, kama vitu vyote, imejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi, na katikati ya kila atomi kuna kiini. Sasa, kiini cha urani ni kizito mno, hakitulii. Ni kama mtu aliyejitwika mzigo unaomzidi. Mwisho atatua kitu. Kiini nacho hutupa kipande chake, kiitwacho alfa, kikageuka kuwa kitu kingine. Hatua kwa hatua urani huwa radoni, na radoni huwa poloniamu.

Urani haina haraka. Nusu yake hugeuka kwa miaka bilioni 4.5. Nusu ya radoni hugeuka kwa siku 4 hivi. Nusu ya poloniamu hiyo, dakika 3 tu! Hebu tuhesabu. Tukiwa na viini 100, baada ya dakika 3 vinabaki kama 50. Dakika 3 nyingine zikipita vinabaki kama 25, siyo kwamba vimekwisha.

Alfa haipenyi mbali. Hata karatasi huizuia, hata ngozi. Basi mtu atauliza, tunaogopa nini? Poloniamu hunata kwenye vumbi na moshi, nasi tunavuta vumbi. Mapafuni hakuna karatasi. Huko alfa hupiga nyama laini kwa karibu, na baada ya miaka mingi mtu aweza kupata kansa ya mapafu. Mvuta sigara yumo hatarini zaidi. Kule Schneeberg, Ujerumani, wachimbaji walikufa kwa ugonjwa wa mapafu kwa mamia ya miaka. Mwaka 1879 ndipo madaktari walipoandika kwamba ni kansa.

Dawa ni upepo. Nje radoni hutawanyika, lakini duara lenye mdomo mmoja huikusanya. Tuchimbe tundu la pili la kupitisha hewa, au tupulize hewa kwa mashine. Duara lililofungwa siku nyingi lipulizwe hewa kwanza, ndipo watu washuke. Na wale wanaoshusha mshumaa kupima hewa wajue kwamba mshumaa ukiwaka vizuri hausemi lolote kuhusu radoni.