Shelisheli na herufi za Kikrioli

Kwa Mfaransa, ndege mmoja ni oiseau. Wakiwa wengi husema les oiseaux, na hapo katikati husikika z. Watumwa waliopelekwa Shelisheli kutoka Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki walikisikia Kifaransa bila kukiona kimeandikwa, na walichosikia wao ni zwazo. Ndege wakabaki zwazo, awe mmoja au kundi zima. Maji yakawa dilo, nyumba ikawa lakaz. Sasa yaandikweje? Ukifuata asili, unamrudishia msemaji vipande vya sarufi ya Kifaransa asivyovijua. Ukifuata sikio, waliosoma Kifaransa watakucheka.

Swali hilo liliisubiri Shelisheli ilipopata uhuru Juni 29, 1976. Karibu kila mtu nyumbani alizungumza lugha hiyo, Kikrioli, lakini ofisini na shuleni palitawala Kiingereza na Kifaransa, na wengi waliamini kuwa lugha yao ni Kifaransa kilichoharibika tu. Mwaka 1977 Annegret Bollée, mwanaisimu wa Ujerumani, alichapisha uchambuzi wa sarufi ya Kikrioli. Pamoja na mwanaisimu wa hukohuko visiwani, Danielle de St Jorre, ambaye baadaye alikuwa waziri wa mambo ya nje, alitengeneza tahajia inayofuata sikio. K ikachukua nafasi ya c na qu. Shule ikawa lekol. Kikwazo kilikuwa zile irabu zinazopitia puani. Ufumbuzi wao naupenda kwa wepesi wake: n moja huitia irabu puani; ukitaka n yenyewe isikike, andika mbili. Ndiyo sababu kamusi ya mwaka 1982, waliyoiandika de St Jorre na Guy Lionnet, inaitwa Diksyonner.

Mwaka huohuo Kikrioli kiliingia madarasani, miaka sita tu baada ya uhuru. Mauritius, yenye Kikrioli kinachokaribiana sana na hicho, ilijitawala mwaka 1968, na mwandishi Dev Virahsawmy alikuwa akipigania tahajia tangu miaka hiyo. Lakini kila kundi likashikilia herufi zake; mapendekezo ya kuzipatanisha, Grafi Larmoni, yalitoka mwaka 2004, na somo la Kikrioli likaanza shuleni mwaka 2012.

Tusiwasifu Washelisheli kwa kasi hiyo bila kuuliza ilitoka wapi. France-Albert René alitwaa madaraka kwa mapinduzi Juni 1977 na kuongoza kwa chama kimoja. Serikali yake ilipokipa Kikrioli nafasi ya kwanza mwaka 1981, wazazi waliohofia kuwa watoto wao watakosa Kiingereza hawakuwa na pa kupeleka hoja yao. Sisi wa Kiswahili tusijione bora: tahajia yetu ya Kilatini ilisanifiwa na kamati ya wakoloni iliyoundwa mwaka 1930, na mzazi wa Tanga wala wa Lamu hakuulizwa.

Hofu ya wale wazazi haikuwa ya bure. Mtoto wa Shelisheli huanza kusoma kwa Kikrioli, kisha baada ya madarasa ya mwanzo masomo mengi hugeuka kuwa ya Kiingereza. Katiba ya 1993 inazitambua lugha tatu kuwa za taifa. Bungeni mjadala huendeshwa zaidi kwa Kikrioli, na sheria inayopitishwa huandikwa kwa Kiingereza.