Moyo ukienda mbio ovyo, kompyuta humwonyesha daktari pa kuchoma

Kuna watu ambao moyo huanza kwenda mbio wakiwa wamekaa tu. Mapigo hupita 150 kwa dakika, kifua kinabana, kichwa kinazunguka, kisha yote yanatulia. Wakifika hospitalini, kipimo hakionyeshi kitu, na wengi huambiwa kwamba wana mawazo mengi.

Mara nyingi si mawazo. Moyo huendeshwa na umeme wake wenyewe. Umeme huo ukipata njia ya ziada, au sehemu nyingine ya moyo ikianza kutoa amri zake, mapigo huvurugika. Ndiyo maana kipimo cha ECG kinachopigwa moyo ukiwa bado mbio kina thamani kubwa kuliko vingi vinavyopigwa baadaye.

Tiba mojawapo ni kuichoma sehemu hiyo. Daktari hupitisha waya mwembamba, yaani katheta, katika mshipa wa kinena hadi ndani ya moyo. Ncha yake hupata joto na kuacha kovu dogo ambalo umeme haupiti. Kifua hakipasuliwi.

Kazi ngumu ilikuwa kupajua mahali penyewe. Eksirei ilionyesha kivuli tu, na mionzi yake ilimpata mgonjwa pamoja na daktari. Mwaka 1997, Lior Gepstein na Shlomo Ben-Haim wa Haifa, Israeli, walitangaza mbinu nyingine: sumaku hafifu chini ya kitanda hutambua ncha ya katheta iko wapi, hata kwa kipimo kisichofika milimita moja. Kompyuta hukusanya umeme wa kila nukta iliyoguswa na kuchora ramani ya moyo yenye rangi. Panapoanzia umeme huonekana pekundu.

Mwaka uliofuata, Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, waliwachunguza wagonjwa 45 wenye mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo. Kati ya vyanzo 69 walivyopata, 65 vilikuwa ndani ya mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Tangu hapo mishipa hiyo huzungushiwa makovu, kama ua.

Siku hizi kuna hospitali ambako sumaku kubwa mbili huongoza katheta, daktari akiwa chumba cha pili mbele ya kompyuta. Watu husema roboti inatibu. Hapana: nukta zikichukuliwa vibaya, ramani nzuri itampoteza daktari vilevile.

Mwenye njia ya ziada ya umeme hupona kwa zaidi ya mara 9 kati ya 10. Kwa mtetemo matokeo ni madogo zaidi. Wengine hurudia, na wengi huendelea na dawa za kuzuia damu kuganda. Hatari zipo pia: kiharusi, au moyo kutobolewa.

Kusini mwa Sahara ni nchi chache zenye huduma hii, Afrika Kusini ikiwemo. Tena huku kwetu Afrika, mtetemo mara nyingi hutokana na valvu zilizoharibiwa na homa inayofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa. Kwa mgonjwa huyo, valvu hushughulikiwa kwanza.